Aliyekaa Nafasi ya Thelathini na Moja

Sura ya Saba

Inspekta Hafsa alishuka garini pale kituo cha polisi Maramba akiwa ameshakasirika. Vumbi alilolila tangu Mabokweni bado lilimsagika menoni, na hata mlango wa gari hajaufunga sawasawa, watu wamemzunguka. Wengi walikuwa wanawake, vitenge vimekazwa viunoni, sauti zimewakauka kwa siku tatu za kupiga kelele.

"Mtoeni huyo binti wa kompyuta!"

"Mnamlisha wa nini? Mzee wetu tumemzika jana!"

"Nipisheni," alisema Hafsa.

"Na wewe umekuja kumtorosha, siyo?"

"Nimekuja kazini. Yako wewe iko wapi, mbona saa mbili hii ya asubuhi umesimama hapa?"

Wakampisha shingo upande. Mmoja akatema mate pembeni, si mbali na kiatu chake. Hafsa alimtazama mtemaji mpaka akaangalia chini, ndipo akaingia ndani.

Koplo wa zamu alimsukumia jalada mezani kabla ya salamu. "Gari la kumpeleka Tanga linaondoka saa nane, Afande. Mwanasheria wa serikali anasubiri. Kosa ni mauaji. Mimi kwa mtazamo wangu kesi imekwisha."

"Mtazamo wako nimeusikia. Niletee mtuhumiwa."

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Shamba la mkonge la Kwamtondo lilikufa zamani, na sasa ardhi yake iligawiwa familia za wale waliolilima. Babu zao walikuja kama manamba, kila mmoja na kipande chake, yaani kadi ya kazi yenye namba, na huko kambini namba ndiyo iliyoganda ikawa jina la ukoo. Mpaka leo ukiuliza kwa Themanini na Nane utaonyeshwa nyumba. Kwa hiyo kamati ya ugawaji iliamua orodha iwe ya namba tupu, bila majina, maana akina Yohana walikuwa kumi na wanne ilhali Themanini na Nane alikuwa mmoja tu. Familia mia moja na kumi na mbili ziliandikwa kwa mpangilio wa kuwahi kujiandikisha, si wa namba. Programu ya kuitunza orodha hiyo iliandikwa na Imakulata, binti wa miaka ishirini na saba kutoka Nguvumali, Tanga mjini.

Jumatatu asubuhi Anold, mwenyekiti wa kamati, alisoma orodha mbele ya watu wote. Zikasomwa namba mia moja na kumi. Mbili hazikusomwa. Kanuni ya kamati ilisema asiyesomwa ahame kambini kabla ya adhuhuri, na katapila la kubomolea nyumba lilikuwa limeshawashwa. Familia ya Uweso, namba mia na tano, ilifunga virago ikaenda kwa ndugu zao Pangani. Mzee Rafaeli, namba themanini na nane, alijifungia ndani akasema haendi kokote. Dereva hakujua kuna mtu. Ukuta ulimwangukia mzee, akafia njiani wakimpeleka hospitali.

Na kambi nzima ilikumbuka kwamba mwezi mmoja nyuma Rafaeli alimfukuza Imakulata uani kwake kwa sababu binti alitaka aonyeshwe kipande chenyewe cha kazi, na binti akaondoka akisema, "Utaona!"

Imakulata aliingizwa. Jicho la kushoto lilikuwa limefunga kabisa. Watu walimpata dakika kumi kabla ya polisi.

"Kaa," alisema Hafsa. "Siku tatu unasema hujui. Leo mimi sitaki kusikia hujui. Jana usiku mtaalamu wetu wa Tanga ameifungua mashine ya kamati akachapa kumbukumbu zake. Soma kwa sauti."

Imakulata aliisogeza karatasi kwenye jicho zima. "Jumamosi, saa moja na dakika kumi asubuhi. Mtumiaji, kamati. Ondoa thelathini na moja. Imeondolewa. Ondoa arobaini na saba. Imeondolewa. Ondoa mia mbili kumi na nne. Kosa, nafasi haipo." Akarudia kusoma kimya, midomo ikicheza. Halafu akaiweka karatasi mezani, mikono yote miwili kichwani. "Mungu wangu. Ni mimi. Nimemuua mimi yule mzee."

Koplo aliruka. "Umesikia, Afande! Amekiri!"

"Andika," alisema Hafsa. Hakuwa na furaha yoyote usoni. "Endelea, binti. Umemuuaje?"

"Sijasema nilitaka. Ni ujinga wangu. Ni mstari mmoja wa programu."

"Mimi na programu ni mbali na mbali. Nieleze kama unavyomweleza bibi yako, na ukinizungusha nitajua."

Imakulata alijifuta uso kwa kiganja. "Ukijenga safu ya kawaida kwenye kompyuta, ya nafasi mia, ni mia mpaka kiama. Haiongezeki wala haipungui. Mimi sikutumia hiyo. Nilitumia orodha inayonyumbuka. Ni kitu, Afande, kitu chenye kazi zake. Ukikiambia ongeza, kinajipanua. Ukikiambia ondoa, kinamtoa mtu na kujibana, wa nyuma wote wanasogea mbele. Kama foleni ya bombani."

"Foleni naijua. Mauaji yako wapi?"

"Naomba karatasi."

Alichana vipande vitano, akaandika namba, akavipanga juu ya benchi: nne, tatu, themanini na nane, mbili, mia na tano. "Hii ndiyo orodha. Sasa niambie ondoa mbili."

"Ondoa mbili."

Imakulata alihesabu kwa kidole kuanzia mwanzo. "Sifuri. Moja. Mbili." Akanyakua kipande cha themanini na nane.

"Ala! Mimi nimesema mbili. Mbili si huyo hapo amekaa?"

"Ndiyo. Amri za ondoa ziko mbili, jina lao moja. Ukiipa namba tupu, inadhani unasema nafasi, inakwenda kumtoa aliyekaa nafasi hiyo. Ukiipa kitu chenyewe, yaani namba uliyoifunga kwenye kifurushi chake, inamtafuta huyo popote alipo na kumtoa yeye. Mimi nilitakiwa kufunga. Niliipa namba tupu."

"Na hiyo sifuri ya nini? Mtu wa kwanza ni sifuri?"

"Mashine inaanza kuhesabu hapo."

"Ebo!" Hafsa alivitazama vile vipande kama mtu aliyeuziwa samaki aliyeoza. "Hukuijaribu hii takataka kabla ya kuwaletea watu?"

"Nilijaribu. Niliweka sifuri mpaka tisa, nimezipanga moja moja. Kila namba ilikaa nafasi ya namba yake. Nikasema ondoa tano, ikatoka tano. Nikafurahi, nikaenda kula."

"Ukaenda kula." Hafsa alitoa kwenye jalada orodha ya Ijumaa, ile ya kabla ya kuharibika, akaiweka pembeni ya kumbukumbu. Hakumwamini mtu kwa maneno. Alishusha kidole mstari kwa mstari akihesabu kwa sauti, koplo akimfuata kwa midomo. Mstari wa thelathini na mbili, ambao kwa mashine ni nafasi ya thelathini na moja: themanini na nane. Mzee Rafaeli. "Na amri ya pili? Arobaini na saba?"

"Mmoja ameshatoka, wote wa chini wamesogea. Ongeza mmoja wa sifuri, ongeza mmoja aliyetoka. Angalia mstari wa arobaini na tisa."

Kidole kilishuka kikasimama. "Mia na tano. Uweso."

Koplo aliacha kuandika.

"Usifurahi," Hafsa alimwambia Imakulata. "Bado uko shimoni. Neno la siri la kamati mnalo wangapi?"

"Wawili. Mimi na Mwenyekiti. Yeye anasema kompyuta haijui, lakini nilimfundisha kuongeza na kuondoa, kwa ajili ya waliojiandikisha mara mbili. Kuondoa ilikuwa lazima kamati yote isaini kwanza."

"Kwa hiyo ama wewe ama yeye. Na wewe ndiye unayejua kwamba thelathini na moja ni nafasi ya mzee aliyekufukuza. Na ulimwambia utaona."

"Nilimwambia utaona nikiwa na hasira! Jioni nilikuwa nimeshasahau." Imakulata sasa alikuwa amesimama. "Ningekuwa mimi, na najua foleni ina watu mia na kumi na wawili, ningeita nafasi ya mia mbili kumi na nne nimtoe nani? Shetani?"

"Ungeiita ili mjinga kama mimi aseme maneno hayo hayo unayosema. Kaa chini."

Akakaa. Lakini Hafsa mwenyewe alibaki ameikodolea macho ile karatasi ya kumbukumbu. Mia mbili kumi na nne ilimkera. Aliifungua orodha ya wahusika, ile yenye jina mbele ya kila namba. Namba ilikuwepo: Godlisten, kambi ya juu. Thelathini na moja: Yudith, mjane. Arobaini na saba: Miraji, seremala. Wote watatu walisomwa Jumatatu, wote wakapata viwanja. Na siku tatu nzima hakuna askari aliyekwenda kuwauliza chochote. Wa nini, na wao hawakudhurika?

"Koplo, nisikilize vizuri, maana siirudii. Kama aliyeandika hizi amri si huyu binti, basi yeye alikuwa anataja watu, si nafasi. Alimtaka Yudith na Miraji na Godlisten. Mashine ikamjibu: wa kwanza ametoka, wa pili ametoka, wa tatu imeshindikana. Akafunga mashine akaenda zake. Kuanzia Jumamosi asubuhi mpaka Jumatatu, dunia nzima kulikuwa na mtu mmoja tu aliyeamini kwamba Yudith na Miraji hawamo na Godlisten yumo. Mtu huyo, kama ana mdomo na mikono, kuna kitu alifanya."

"Na kama ni binti?"

"Basi saa nane anapanda gari, na mimi namfunga mkanda kwa mkono wangu."

Kule Kwamtondo, Yudith alikuwa kwenye kiwanja chake kipya, anachimba msingi. Mwanamke wa miaka hamsini hivi, mikono ya kufyeka mkonge. Alimwona Inspekta anakuja, akaendelea kuchimba.

"Habari za kazi, mama?"

"Nzuri."

"Jumamosi ulipata ugeni wowote?"

"Sikupata."

"Mwenyekiti hakuja kwako?"

"Namba yangu imesomwa mbele za watu. Nimepata kiwanja. Sina kesi na mtu, na kesi ya mtu siitaki." Jembe lilishuka chini kwa nguvu zaidi ya ilivyohitajika. "Hapo uliposimama ni chumbani kwangu. Toka."

Hafsa hakutoka. Aligeuka akatazama upande wa pili wa njia, kwenye laini, zile nyumba za zamani za wafanyakazi zilizojengwa kwa mstari. Nyuma ya iliyokuwa nyumba ya Yudith kulikuwa na shamba dogo la mihogo. Matuta yote yalikuwa yamefumuliwa. Alivuka njia, akainama, akaokota kilichobaki. Mizizi ilikuwa myembamba, haijafika hata unene wa kidole gumba. Akarudi nayo mkononi.

"Mhogo huu una miezi mingapi?"

Yudith alilikung'uta jembe udongo.

"Mimi kwetu wanalima pia. Huu una miezi minne, ukizidi mitano. Hauliki, hauuziki. Majani ya shina yameshakauka, kwa hiyo umeng'olewa Jumamosi au Jumapili, kabla orodha haijasomwa. Mama, nani anayeng'oa mhogo mchanga namna hii kama hajaambiwa ahame?"

"Uliingiwa na fuko."

"Fuko! Fuko kang'oa matuta ishirini akayapanga majani pembeni? Thubutu! Mama, kule kituoni kuna binti jicho lake halifunguki, saa nane anapelekwa kujibu mauaji, na wewe unanitajia fuko. Hakika aliyeshiba hamjui mwenye njaa."

"Usinitolee methali kwenye kiwanja changu!" Yudith alilitupa jembe. "Nina watoto wanne. Nikisema, wataninyang'anya. Aliyenipa ndiye huyo huyo anayeweza kuninyang'anya. Umenielewa? Nyinyi mtapanda gari lenu mrudi Tanga, mimi nabaki naye hapa."

"Nimekuelewa. Sasa nielewe na mimi. Ukinificha kitu, nakuandika mshirika. Utabaki naye kweli, lakini chumba kimoja, na milango anafunga askari."

Yudith aliingiza mkono kifuani, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, imelowa jasho. Alikuwa anatembea nayo siku zote tano.

Barua ilikuwa ya mkono, muhuri wa kamati chini. *Familia namba 31. Mnaarifiwa kwamba mmeondolewa kwenye orodha ya ugawaji. Mjiandae kuhama.* Tarehe ya Jumamosi. Sahihi ya Anold.

"Aliileta mwenyewe saa nne asubuhi. Na Miraji alipelekewa yake. Tulikuja Jumatatu na vitu tumeshafunga. Anold akawa anasoma, akafika kwangu, akanyamaza. Akaomba maji. Akanywa glasi nzima watu wanamsubiri, ndipo akasoma thelathini na moja. Mimi nikadhani Mungu amemgusa moyo."

"Na Godlisten? Alipata barua?"

"Hakupata. Hata sisi tulishangaa. Maana ile barua ya kwenda wilayani, ya kumkataa Anold kwa kuwaandikisha shemeji zake, tulisaini watatu. Tukasema kwa nini sisi wawili, mwenzetu aachwe?"

Hafsa aliikunja barua akaitia kwenye bahasha, akaandika saa na tarehe juu yake, akamtaka Yudith asaini. Yudith alisaini huku anamlaani kwa Kibondei, taratibu, neno kwa neno.

Mwenyekiti Anold alikuwa ofisini kwa kamati, anakula wali na samaki. Alikuwa mtu wa miaka sitini na tano, shati limepigwa pasi, kalamu mbili mfukoni. Alisubiri shikamoo. Hafsa alivuta kiti akakaa. Hakumwamkia.

"Siku hizi polisi hawafundishwi adabu?" aliuliza Anold.

"Tunafundishwa kuandika maelezo. Maliza tonge, nawa mikono. Koplo, andika kila neno. Mwenyekiti, unajua kutumia ile kompyuta?"

"Mimi na kompyuta wapi na wapi? Hiyo ni ya yule binti."

"Mara ya mwisho kuongea na Imakulata kabla ya Jumatatu ni lini?"

"Wiki mbili nyuma. Hata simu hatukupigiana. Orodha aliileta Jumatatu asubuhi, imeshachapwa."

"Hakukuambia kwa namna yoyote kwamba kuna watu wametolewa?"

"Aniambie ili iweje? Angeniambia ningemzuia. Mimi nilijua siku ile ile kama walivyojua watu wote, nikiwa nasoma."

"Na mwingine yeyote? Mjumbe wa kamati, mtu wa wilayani, mpita njia?"

"Hakuna. Nakuapia kwa Biblia."

"Biblia iache ipumzike. Msomee, koplo. Kama ni sawa, asaini kila ukurasa."

Koplo alisoma. Anold alisaini kwa madaha, akazungusha mkia wa sahihi kama mkuu wa wilaya, akarudi kwenye sahani yake. Ndipo Hafsa alipoiweka barua ya Yudith pembeni ya sahani, na pembeni yake ya Miraji, ambayo koplo aliifuata kwa pikipiki.

Anold hakuigusa hata moja. Mkono wake ulibaki hewani na tonge.

"Jumamosi saa moja na dakika kumi," alisema Hafsa, "mtu aliiambia mashine imtoe thelathini na moja na arobaini na saba. Mashine ikasema sawa. Haikuwatoa. Ilitoa wengine. Lakini yeye hakujua. Saa nne wewe umebeba barua mbili mkononi, moja ya thelathini na moja, moja ya arobaini na saba. Mashine ikakataa kwa Godlisten, na wewe Godlisten hukumpelekea kitu. Sahihi hii hapa, na sahihi hii hapa, wino haujakauka, kwamba hakuna aliyekuambia neno. Sasa nani alikunong'oneza, Mwenyekiti? Malaika?"

"Yule binti alinipigia..."

"Njia ya mwongo ni fupi, mzee. Umesaini hamkupigiana."

Anold alilirudisha tonge sahanini. Jasho lilimtoka juu ya mdomo. Kisha akapandisha sauti. "Nimemdhuru nani? Hebu niambie! Yudith anacho kiwanja. Miraji anacho kiwanja. Nilitaka kuwatisha, basi, na wamepata! Ya Rafaeli ni ya mashine. Rafaeli alikuwa mtu wangu! Ndiye aliyenipigia kampeni nyumba kwa nyumba. Krismasi nilikula kwake. Mimi nimtoe Rafaeli, nina wazimu?"

"Najua hukumtaka Rafaeli."

"Basi!"

"Basi nini? Jumatatu umesoma thelathini na moja kwa mdomo wako mwenyewe. Ulinyamaza, ukaomba maji. Ulipomaliza, themanini na nane hayumo. Ulijua pale pale kwamba ulichokifanya Jumamosi kimemwangukia mwingine. Katapila lilikuwa linaunguruma. Lilichukua muda gani kufika kwa Rafaeli?"

Anold aliangalia dirishani.

"Nimekuuliza."

"Saa moja. Na kidogo."

"Saa moja na kidogo. Neno moja tu, simamisheni. Kwa nini hukulisema?"

"Ningesema nini? Wangeniuliza nimejuaje." Sauti yake sasa ilikuwa ndogo, ya mtoto aliyekamatwa na sukari. "Nilidhani angetoka. Wallahi nilidhani angetoka tu."

Hafsa alisimama. Alimchukia mzee yule kwa moyo wote, akaona hata kumtukana ni kumpa heshima. "Mfunge pingu," alisema. "Na hiyo kesi ya mauaji usiifunge, koplo. Badilisha jina."

Ilikuwa saa saba na nusu waliporudi kituoni, Anold amelazwa sakafuni nyuma ya gari chini ya turubai ili asionekane. Mkuu wa kituo alipokea karatasi, akasoma mara mbili, akasema kwamba kisheria Imakulata yuko huru. Kisha akaonyesha dirisha kwa kidevu. Nje watu walikuwa wameongezeka. Baadhi walishika mawe.

"Huru ni hapa ndani," alisema. "Pale getini mimi nina askari wanne."

Hafsa alitoka kwa mlango wa nyuma, akaenda kwa miguu mpaka nyumba iliyompokea mjane wa Rafaeli. Consolata alikuwa amekaa kwenye mkeka, kanga imefunika kichwa, wanawake wamemzunguka. Hafsa alivua viatu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mmemhukumu?"

"Mama, si yeye aliyetaka. Ni Anold. Na Anold naye hakumtaka mzee. Aliwataka wengine, mashine ya yule binti ikakosea, ikamtoa aliyekuwa amekaa nafasi hiyo." Alieleza yote, bila kuficha saa moja na kidogo. "Nimekuja kukuomba. Watamuua pale getini. Mimi hawanisikii."

"Kosa lake lipo au halipo?"

"Lipo. Alifanya kazi ovyo. Jela si yake."

"Kwa hiyo unaniomba nimtetee."

"Nakuomba uje tu."

Consolata hakusema ndiyo. Hafsa alikata tamaa, akaanza kutafuta viatu vyake. Kisha mjane alinyoosha mkono, mwanamke mmoja akamwinua, na akatembea mbele yao wote, polepole, mpaka getini. Watu walimwona wakanyamaza.

Imakulata alitolewa. Alisimama mbele ya yule mama, jicho moja limefumba, mikono haijui ikae wapi.

"Ulimchukia mume wangu?" aliuliza Consolata.

"Hapana, mama. Alinifukuza, nikakasirika. Jioni nilisahau."

Consolata aligeuka kwa Hafsa. "Na Anold? Alimchukia?"

"Hapana. Alimpenda, kwa anavyosema."

"Na dereva hakumjua." Mjane alikuwa anahesabu kwa vidole, kidole kwa kidole, na watu wakamwishia. "Siku tatu nalaani. Nimelaani mpaka mate yamekauka. Sasa mnaniambia hakuna aliyemchukia. Mtu niliyeishi naye miaka arobaini na sita anakufa kama kuku wa barabarani, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na ugomvi naye? Afadhali mngeniachia huyu binti. Afadhali angekuwa mbaya."

Imakulata alipiga magoti kwenye vumbi. Consolata alimtazama utosini.

"Inuka," alisema. "Usinipigie magoti, sina cha kukupa." Kisha akawaambia watu, bila kupandisha sauti, "Mpisheni."

Mawe yalibaki mikononi, hakuna aliyeyatupa wala kuyaangusha. Watu walisogea kushoto na kulia, wakaacha njia ya upana wa mabega ya mtu mmoja, na Imakulata akapita katikati yao hadi kwenye gari la Hafsa, mabega yake yakiwagusa huku na huku.